Kamera ya mtego humfichua mharibifu wa usiku

MKULIMA aamkapo na kukuta mihogo yake imefukuliwa, au kuku wawili wametoweka bandani, aghalabu huanza kwa kulaumu. Mara ni mbwa wa jirani, mara ni fungo. Wengine hutega nyama yenye sumu usiku unaofuata. Hata hivyo, sumu haichagui. Humwua mbwa wa nyumbani na tai alaye mzoga, ilhali mharibifu halisi huenda asiiguse kamwe.

Lililo bora ni kumtambua kwanza, na chombo kifaacho ni kamera ya mtego. Licha ya jina lake, haimnasi wala kumjeruhi mnyama.

Kamera hii hufungwa kwenye mti au kigingi na kuachwa peke yake. Ndani yake mna kitambuzi kinachohisi joto la mwili likipita mbele yake, na papo hapo picha hupigwa. Gizani humulika kwa miale ya infraredi ambayo jicho la binadamu haliioni, ndiposa picha za usiku huwa nyeusi na nyeupe. Kitambuzi hicho hakihisi joto kupitia kioo. Kwa hivyo kuiweka nyuma ya dirisha ni kazi bure.

Wazo hili si geni. Mwaka wa 1906, jarida la National Geographic lilichapisha picha za usiku za Mmarekani George Shiras, ambaye baadhi ya wanyama wake walijipiga picha kwa kugusa uzi. Nazo picha za chui mweusi wa Laikipia, zilizovuma duniani mwaka wa 2019, zilipigwa kwa kamera za kujiendesha zilizoachwa porini.

Shambani, tafuta kwanza nyayo, kinyesi au tundu kwenye ua. Funga kamera kimo cha goti, hatua tatu hivi kutoka njia ya mnyama. Ielekeze kaskazini au kusini ili jua la asubuhi na la jioni lisiipofushe. Fyeka nyasi zilizo mbele yake, kwani jani lililopata joto la jua likipeperushwa na upepo huihadaa. Rekebisha saa na tarehe, kisha iache kwa muda wa wiki moja. Isielekee kwa jirani.

Picha zikishapatikana, dawa hutegemea mgeni. Nungunungu hupenda mihogo na viazi vitamu, na huchimba chini ya ua. Wavu wa waya uliofukiwa ardhini humzuia. Kanu, mwenye mkia wa pete, hupenya upenyo mdogo mno. Yeye huhitaji banda lililozibwa kila mwanya na mlango uliofungwa kabla ya magharibi. Lakini kanu huyo huyo hula panya wanaomaliza mahindi ghalani. Fungo naye hula panya, wadudu na matunda yaliyoanguka. Si kila mgeni aonekanaye ni adui.

Ikumbukwe pia kwamba uwindaji ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka wa 1977. Picha ikionyesha chui au fisi, usimwandame. Wajulishe maafisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) na uwaonyeshe picha yenye tarehe na saa. Huo ni ushahidi mzito kuliko malalamiko matupu.