Brusela miongoni mwa wagonjwa wa vijijini

Brusela ni ugonjwa wa bakteria unaomfikia binadamu kutoka kwa mifugo, hasa ng'ombe, mbuzi na kondoo, ama kwa kunywa maziwa mabichi, ama kwa kushika kwa mikono mitupu kondo la nyuma na majimaji ya mnyama aliyezaa au kutupa mimba. Kwa binadamu huleta homa inayokuja na kuondoka, jasho jingi la usiku, maumivu ya mgongo na viungo, na uchovu usiokwisha. Kwa kuwa hakuna hata moja kati ya dalili hizo iliyo ya brusela peke yake, idadi ya walio nayo vijijini haiwezi kujulikana kwa kuwahesabu walioambiwa na zahanati kuwa wanaumwa brusela, kwani wapo wengi wanaoambiwa wanayo na hawana, na wapo walio nayo wasioambiwa kamwe.

Kundi hili la pili lilionekana wazi mkoani Kilimanjaro, ambako kati ya mwaka 2007 na 2008 watafiti waliwachunguza wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za Moshi. Wagonjwa 455 walipimwa damu mara mbili, wakati wa ugonjwa na wiki kadhaa baadaye, ili ijulikane kama kingamwili zao, yaani protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na vimelea, zimepanda mara nne au zaidi, kwa sababu kupanda huko ndiko kunakotofautisha maambukizi mapya na kumbukumbu ya ugonjwa wa zamani. Waliothibitika kuwa na brusela walikuwa 16, sawa na asilimia 3.5. Linalosikitisha zaidi ya kiwango chenyewe ni kwamba hakuna hata mmoja wao aliyetambuliwa na daktari, wala aliyepata tiba kamili ya ugonjwa huo, ingawa wote walipewa antibiotiki au dawa za malaria. Katika kundi hilohilo la 870, zaidi ya nusu waliandikiwa malaria, ilhali waliokuwa nayo kweli walikuwa 14 tu.

Miongoni mwa wafugaji wa Ngorongoro kiwango kilikuwa kikubwa zaidi: kati ya wagonjwa wa homa 230 waliochunguzwa kuanzia Agosti 2016 hadi Oktoba 2017, 14 walikuwa na brusela, yaani asilimia 6.1, na katika damu iliyooteshwa maabara hakuna bakteria aliyepatikana mara nyingi kuliko huyu. Wagonjwa saba walikuwa na Brucella melitensis, aina ambayo makao yake hasa ni mbuzi na kondoo, na mmoja tu alikuwa na Brucella abortus ya ng'ombe. Walioelekea zaidi kuugua ni wenye umri mdogo na waliochunga mifugo katika miezi 12 iliyotangulia, jambo ambalo halishangazi, kwa kuwa mchungaji ndiye aliye karibu na mbuzi anapozalia malishoni.

Hali ya Busia, magharibi mwa Kenya, ni kinyume kabisa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, wagonjwa 825 wenye dalili zinazofanana na za brusela walipimwa kwa kipimo cha haraka kinachotumika sana Afrika Mashariki, na 162, yaani asilimia 19.6, wakaonekana kuwa nayo. Wagonjwa haohao 825 walipopimwa kwa kipimo cha Rose Bengal, walioonekana kuwa nayo walikuwa wanane tu. Kipimo hiki cha pili hakihitaji mashine: tone la seramu, yaani majimaji ya manjano yanayojitenga damu ikishaganda, huchanganywa na tone la bakteria waliouawa na kutiwa rangi ya waridi, kisha kigae hutikiswa taratibu kwa dakika chache, na kingamwili zikiwapo mchanganyiko hukatika vipunje vinavyoonekana kwa macho. Tindikali iliyomo ndani yake ndiyo hupunguza kushikana kwa uongo.

Kosa la namna ya Busia si dogo. Tiba ya brusela ni ya wiki sita, kwa kawaida doksisaiklini pamoja na rifampisini, ambayo ni nguzo ya tiba ya kifua kikuu na haipaswi kutumiwa ovyo, na katika muda wote huo chanzo halisi cha homa huendelea bila kuguswa. Ni vigumu kuona sababu ya kuendelea kukitegemea kipimo cha aina hiyo pasipo kukithibitisha, wakati Rose Bengal ni ya bei nafuu na inawezekana hata katika kituo kidogo cha afya. Hata hivyo, Rose Bengal nayo huweza kuonyesha kingamwili za maambukizi yaliyokwisha kupita, hasa katika jamii za wafugaji. Kwa hiyo kabla ya kuandika dawa, tabibu hana budi kuuliza homa ilianza lini, maziwa ya nyumbani huchemshwa au la, na kama katika miezi ya karibuni kuna mnyama aliyetupa mimba zizini na nani aliyemhudumia.