Lenzi Ndefu ya Kupigia Picha Wanyama: Yapimwe Yapi Kabla ya Kutoa Fedha?

Juma hili twapenda kuzungumza juu ya jambo ambalo zamani lilikuwa la watalii, na leo limeingia katika mashauri ya nyumbani. Vijana wetu, na zaidi mabinti zetu, wameshika kamera. Wengi wao walianza kwa picha za arusi na za watoto wachanga. Sasa wanatamani kwenda Tsavo kupiga picha za ndovu, au Mida kupiga picha za ndege. Hapo ndipo linapozuka ombi la lenzi ndefu, na mzazi asikiapo bei yake hushika tama.

Ana haki ya kushika tama. Lenzi ya Sony ya milimita 200 hadi 600 ilipotoka mwaka 2019 iliuzwa Marekani kwa kiasi cha dola 2,000, na yake Nikon ya milimita 180 hadi 600, iliyotoka mwaka 2023, kwa kiasi cha dola 1,700. Mnunuzi wa Kenya huongeza juu yake gharama za usafiri, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16. Hiyo ni karo ya mtoto, au ni mtaji wa duka dogo. Fedha ya namna hiyo haitolewi kwa sababu mtoto ameona picha nzuri kwenye simu, wala haikataliwi kwa sababu mzazi hakuelewa kinachoombwa. Tumeona vema basi tueleze kinachoombwa ni nini, ili mashauri ya nyumbani yawe juu ya msingi.

Maana ya milimita

Elimu ya mwanga na macho si ngeni kwetu. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, aliandika Kitab al-Manazir yapata miaka elfu moja iliyopita, akachunguza jinsi mwanga unavyopita katika tundu dogo na kuchora sura ndani ya chumba chenye giza. Kamera ya leo ni chumba hicho hicho cha giza kilichofanywa kidogo, na lenzi ndiyo mlango wake.

Nambari ya milimita iliyoandikwa kwenye lenzi hutuambia ni sehemu gani ya mandhari itakayojaza picha. Nambari ikiwa kubwa, sehemu huwa ndogo, na kitu cha mbali huonekana kikubwa. Lenzi yenye nambari mbili, kama 150-600, ni ya zumu: urefu wake hubadilika kwa kuzungusha mkono.

Iko hesabu nyepesi ambayo kila mama anaweza kuifanya kwa kalamu. Kamera yenye sensa kubwa ina sensa ya upana wa milimita 36. Gawanya 36 kwa urefu wa lenzi, kisha zidisha kwa umbali wa mnyama. Utapata upana wa mandhari itakayoingia katika picha. Tuchukue mdiria mwenye urefu wa sentimita 25, ametua juu ya mkoko mita 20 kutoka kwetu. Kwa lenzi ya milimita 300 picha itachukua upana wa mita 2.4, na ndege atakuwa sehemu moja tu ya kumi. Kwa milimita 600 upana utakuwa mita 1.2, na ndege atakuwa kama sehemu moja ya tano. Ndiyo maana wapiga picha za ndege hawatosheki na lenzi fupi.

Sasa tuchukue ndovu wa Tsavo aliyesimama mita 40 kutoka kwenye gari. Kwa milimita 600 upana ni mita 2.4 tu: utapata jicho na sikio, mwili wote utabaki nje. Kwa milimita 150 upana ni mita 9.6, na ndovu mzima ataingia pamoja na vumbi jekundu la miguuni mwake. Katika mbuga mgeni haruhusiwi kushuka garini apendapo, wala hawezi kumwambia ndovu arudi nyuma. Kwa hiyo zumu yafaa zaidi kwa mwanzilishi kuliko lenzi ya urefu mmoja.

Neno moja la kuzingatia: kamera nyingi za bei nafuu zina sensa ndogo zaidi, ambayo hukata kingo za picha. Kwa kamera hizo lenzi ya milimita 400 huonyesha kama vile ingekuwa ya 600. Basi kabla ya kununua lenzi kubwa, iulizwe kwanza kamera iliyopo nyumbani ni ya namna gani. Huenda lenzi ya 100-400, iliyo nyepesi na nafuu, ikatosha kabisa.

Mwanga na uzito

Nambari ya pili ni ile inayoanza na herufi f. Hiyo ni ukubwa wa tundu la lenzi ukilinganishwa na urefu wake. Nambari ikizidi, mwanga hupungua: f/5.6 huingiza nusu ya mwanga wa f/4, na f/8 huingiza robo yake. Lenzi ya milimita 600 yenye f/6.3 yahitaji tundu la kiasi cha milimita 95, kwa kuwa 600 ikigawanywa kwa 6.3 hutoa jibu hilo. Ndiyo sababu vioo vya mbele vya lenzi hizi ni vipana kama kisahani, na ndiyo sababu ni nzito. Lenzi ya 600 yenye f/4 huhitaji tundu la milimita 150, na bei yake hupita dola 10,000. Hiyo tuiache kwa wenye kazi yake.

Mwanga una maana gani kwetu? Chini ya jua la saa mbili asubuhi katika uwanda wa Tsavo Mashariki, f/6.3 yatosha. Ndani ya msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye kiasi cha kilomita za mraba 420 na kivuli kizito, mambo hubadilika. Bundi mdogo wa Sokoke hulala mchana akiwa amejibanza katika majani, na waongozaji wa msitu humfikisha mgeni karibu naye. Pale mtu huhitaji mwanga na utulivu wa mkono kuliko urefu. Kadhalika mbega wa Diani, wanaovuka barabara kwa madaraja ya kamba, huwa karibu mno. Lenzi ya milimita 200 huwatosha.

Na uzito je? Hapa wauzaji hupita haraka, nasi twataka kukaa. Lenzi ya Sony tuliyoitaja ina gramu 2,115 bila kishikio chake cha stendi. Sigma ya 150-600 iliyotangazwa mwaka 2014 ilikuja kwa sura mbili: moja ya gramu 1,930, na nyingine, iliyo imara zaidi, ya gramu 2,860. Canon RF ya 100-500, ya mwaka 2020, ni gramu 1,370 bila kishikio. Na Canon RF ya 100-400, ya mwaka 2021, ni gramu 635 tu, ijapokuwa tundu lake hufika f/8 katika urefu wa mwisho.

Kilo mbili za unga mtu huzibeba kutoka dukani hadi nyumbani bila kuhisi. Kilo mbili zilizoinuliwa mbele ya uso kwa dakika kumi, ukimngoja ndege aruke, ni jambo jingine. Binti atakayetembea juu ya daraja la mbao la Mida, au atakayepanda dau akiwa na mkoba na mtoto wa kumtazama, asidanganywe na nambari kubwa. Lenzi iliyobaki kabatini kwa sababu ya uzito haipigi picha hata moja, hata ingekuwa bora duniani.

Ziko njia za kupunguza mzigo. Garini hakuna haja ya stendi: shona mfuko wa kitambaa kizito, ujaze kunde au mchele, uuweke juu ya dirisha, na lenzi ilale juu yake. Ni msaada wa shilingi chache unaotuliza mkono vizuri sana. Lenzi nyingi za siku hizi zina kizuia mtikisiko ndani yake. Chafaa, lakini hutuliza mkono wa mpigaji tu. Ndege arukaye hasimamishwi nacho. Kwake huhitajika kasi ya picha ya 1/2000 ya sekunde au zaidi.

Chumvi, ukungu na mitumba

Sisi wa pwani tuna adui wawili ambao kitabu cha maelezo hakiwasisitizi: hewa ya chumvi na unyevu. Lenzi ikifungiwa katika mkoba wa ngozi ndani ya kabati la nguo, ukungu huota juu ya vioo, na baadaye hula hata rangi zilizopakwa juu yake. Itunzwe katika ndoo au sanduku la plastiki lenye kifuniko cha kubana, pamoja na vijifuko vya silika vya kunyonya maji. Ikitoka baharini, ifutwe kwa kitambaa chenye unyevu kidogo wa maji baridi, kisha kwa kikavu.

Kwa sababu hiyo, zumu ya ndani ina fadhila kwetu. Lenzi za Sony 200-600 na Nikon 180-600 hazirefuki zinapozungushwa. Zile za 150-600 za Sigma na Tamron hurefuka, na kila zinaporefuka huvuta hewa, na pamoja nayo vumbi. Hilo si kosa la kuzikataa, kwani ni nzuri na kwa kawaida ni nafuu, ila zataka uangalizi zaidi.

Wengi watanunua iliyotumika, na hakuna ubaya. Lakini kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mulika kurunzi kutoka nyuma ya lenzi na utazame kutoka mbele: ukungu huonekana kama utando wa buibui. Zungusha zumu polepole, usikilize mchanga. Ifunge kwenye kamera yako mwenyewe, si ya muuzaji, upige picha ya maandishi ya mbali katika urefu wa mwisho, uikuze uone kama herufi zimesimama. Ulizia risiti, na nambari ya lenzi ilingane na ya risiti. Muuzaji akikataa mojawapo ya haya, ondokeni.

Subira hurefusha lenzi

Mpiga picha asiye na lenzi ndefu ana hazina nyingine, nayo ni kuyajua maji. Pale Mida ndege wa kaskazini, wanaokuja kwetu yapata Septemba na kuondoka yapata Aprili, hutawanyika mbali matopeni maji yanapokupwa. Maji yanapojaa, matope hupungua, na ndege husogea karibu na ukingo. Mwenye kuijua bamvua, akafika mapema na kuketi kimya, mdiria wa mita 20 huweza kuwa wa mita 10, na hapo milimita 300 hufanya kazi ya 600. Kinyume chake, mchana wa jua kali wa Tsavo huleta mazigazi juu ya ardhi, na hakuna lenzi, iwe ya bei gani, inayoweza kupiga picha safi kupitia hewa inayochemka. Nenda alfajiri, karibia kwa upole, au ngoja jioni.

Kukaribia nako kuna mipaka yake. Ndege aliye juu ya kiota asifukuzwe kwa ajili ya picha, kwani yai lililoachwa juani hufa. Bundi asimulikwe usoni. Sauti za ndege zisichezwe kwa simu ili kumhadaa dume aje. Mnyama akiacha kula na kukukazia macho, amekwisha kukuambia umefika mwisho, rudi nyuma. Faida kubwa ya lenzi ndefu ni hii hasa: yatuwezesha kumwona kiumbe bila kumwudhi.

Mashauri ya nyumbani

Basi, wazazi na mabinti wakikaa pamoja, waulizane maneno manne. Kamera iliyopo ina sensa kubwa au ndogo? Kinachopigwa zaidi ni ndege au wanyama wakubwa? Nani ataibeba, na kwa umbali gani? Na je, itarudisha fedha yake kwa kazi, au ni ya burudani? Yote mawili yafaa, lakini yasichanganywe katika hesabu, kwani mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa rai yetu, mwenye kamera ya sensa ndogo aanze na 100-400. Mwenye sensa kubwa anayependa ndege, na mikono yake ina nguvu, atazame 150-600 iliyotumika na kukaguliwa vizuri. Na ikiwezekana, aazime au akodi lenzi ya namna hiyo kwa siku moja kabla ya kununua, aende nayo Mida au Shimba Hills wanakoishi palahala, atembee nayo tangu asubuhi hadi adhuhuri. Bega lake litamwambia lililo kweli kuliko muuzaji yeyote.