Taa Hafifu za Gari Kuukuu: Je, Betri Ndiyo Yenye Kosa?

Taa za Peugeot 404 kuukuu zinapofifia, wengi hukimbilia kununua betri mpya. Pengine kosa ni kutu. Umeme hufika kwenye taa kwa waya, kisha hurejea betrini kwa kupitia bodi ya chuma. Pale waya wa kurejea ufungwapo kwenye bodi, kutu huleta ukinzani. Kwa kanuni ya Ohm ya mwaka 1827, mkondo wa ampea 5 ukipita penye ukinzani wa omu 0.4 hupoteza volti 2.

Washa taa. Gusisha waya mmoja wa voltimeta kwenye waya wa kurejea wa taa, na wa pili kwenye ncha ya betri iliyounganishwa na bodi. Ikionyesha zaidi ya nusu volti, zima taa, fungua skrubu, sugua kwa msasa mpaka chuma king'ae, kisha ukaze. Betri mpya haiondoi kutu.