Jina la 21 lililoua programu

"Mwalimu, imekufa!" alilia mwanafunzi wangu hapa Kampala mwezi uliopita. Programu aliyoiandika kujumlisha alama za wenzake ilizimika ghafla, na kazi ya asubuhi nzima ikapotea.

Kosa lilikuwa dogo. Orodha ilikuwa na majina 20, programu ikatafuta la 21. Iligusa sehemu ya kumbukumbu isiyo yake, mfumo wa kompyuta ukaisimamisha.

Nilimwambia asione haya. Julai 19, 2024, programu ya usalama ya kampuni ya CrowdStrike ya Marekani ilitafuta kipengele cha 21 ilhali vilikuwapo 20. Kompyuta zipatazo milioni 8.5 za Windows zikaanguka, safari za ndege zikakwama na hospitali zikatatizika.

Tiba ni ipi? Hesabu kwanza, ndipo usome. Hifadhi kazi kila hatua. Kosa likitokea, programu iseme limetokea wapi, isinyamaze.

Nilikosomea uhamishoni, Kenya, mwalimu alihesabu vichwa kabla ya kuita majina, maana sisi wakimbizi tulikuja na kuondoka. Leo ndipo namwelewa.