Vyuma Chakavu ni Mali: Twende Maonyesho

Ndugu msomaji wa Dutwa, sufuria iliyotoboka usiitupe. Ni mali. Lakini asiyejua bei hupunjwa.

Shaba ina bei kuliko alumini. Alumini ina bei kuliko chuma. Mnunuzi akikuchanganyia vyote kwa bei ya chuma, umeliwa.

Utajifunza wapi? Kwenye maonyesho ya Nane Nane. Mwaka 2018, 2019 na 2020 yale ya kitaifa yalifanyika Nyakabindi, hapa hapa Bariadi. Ukienda, chukua daftari na kalamu. Kisha:

1. Waulize mafundi bei ya kilo ya kila aina.
2. Andika hapo hapo.
3. Tazama wanavyogeuza mabati chakavu kuwa majiko.

Ukirudi, tenganisha vyuma vyako, pima kwenye mzani, ndipo uuze.