Je, Wajua? Kutoka Kigoma, unatua Baraka kabla hujaondoka

Ukipiga mstari mnyoofu kutoka Baraka, mji wa teritwari ya Fizi nchini Kongo (DRC), kando ya Ziwa Tanganyika, hadi uwanja wa ndege wa Kigoma, unapata takriban kilomita 110. Ndege ndogo ya mwendo wa kilomita 300 kwa saa ingezimaliza kwa dakika 22. Ongeza kupaa na kutua, nusu saa inatosha. Uwanja wa Bujumbura uko karibu zaidi na Baraka, kama kilomita 90. Kavumu, uwanja wa Bukavu, uko umbali wa kilomita 200 hivi, ingawa ndio wa mkoa uleule wa Kivu Kusini!

Kichekesho kiko kwenye saa. Kivu Kusini iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Ukipaa Kigoma saa nne kamili asubuhi, Baraka unatua saa tatu na nusu. Ukirudi, nusu saa hiyohiyo inakula saa moja na nusu kwenye saa yako ya mkononi.

Lakini si kila msafiri wa njia hii alipanda ndege: wakimbizi wengi wa Fizi walioingia mkoa wa Kigoma mwaka 1996, wakafikia kambi ya Nyarugusu, walilivuka Ziwa Tanganyika kwa boti.