Ukicheza bila turufu, usikimbilie kutupa ree

Mwezi uliopita nilipoteza mchezo wa briji ambao nilikuwa nao mkononi. Mwenzangu, mzee aliyenifundisha mchezo huu, hakunigombeza. Alizikusanya karata, akazichanga, kisha akauliza, "Mwanangu, ulikuwa na haraka ya kwenda wapi?"

Kosa lenyewe linahitaji maelezo kidogo. Briji huchezwa na wanne, wawili kwa wawili walioelekeana, kila mmoja na karata 13. Maneno yake sisi wa pwani tunayo tangu enzi za Wareno: shupaza, kopa, uru, pau, na hiyo turufu yenyewe. Kabla ya kucheza kuna mnada. Unanadi idadi ya mizunguko ambayo wewe na mwenzako mtakula, na sita ya mwanzo haihesabiwi. Basi ukisema "tatu bila turufu" umeahidi kula 9 kati ya 13.

Mnada ndiyo njia pekee ya kuzungumza na mwenzako. Barazani twazoea kukonyezana. Kwenye briji huo ni wizi. Kwa hiyo watu wameweka hesabu: ree 4, mfalme 3, malkia 2, ghulamu 1, karata zote pamoja 40. Ukiwa na 15 hadi 17, na karata zimegawanyika sawasawa, unafungua "moja bila turufu". Mwenzako mwenye 10 anajua mna 25 kwa uchache, naye huruka moja kwa moja hadi tatu. Mbona watu waipenda hiyo tatu? Kwa sababu mizunguko 9 yatosha kufikisha pointi 100 za gemu. Kwa kopa au shupaza wahitaji 10, na kwa uru au pau 11.

Siku ile nilikuwa na 16. Shupaza: ree, 7, 4. Kopa: ree, mfalme, 5. Uru: malkia, 8, 3. Pau: mfalme, 7, 5, 2. Tukanadi hadi tatu, jirani wa kushoto akaanza na mfalme wa shupaza, na mzee akalaza karata zake wazi mezani kama ilivyo kanuni. Shupaza: 6, 2. Kopa: malkia, 7, 3. Uru: mfalme, ghulamu, 10, 9, 4. Pau: ree, 6, 3.

Hesabu kabla hujagusa karata. Shupaza moja, kopa tatu, pau mbili: sita za hakika. Uru zitaleta nne, lakini kwanza sharti ree ya uru, iliyo kwa wapinzani, itoke. Hapo ndipo mbio zinapoanza. Pasipo turufu, hakuna cha kuwazuia wakishaanza kumimina shupaza zao. Hata 9 yao itakula.

Mimi nikatupa ree ya shupaza papo hapo, nikaingia kwenye uru. Jirani wa kulia akala kwa ree yake, akarudisha shupaza, na mwenzake akala nne mfululizo. Tano zikawa zao, mimi nikabaki na nane.

Ningelala na ree yangu hadi mara ya tatu! Wapinzani walikuwa na shupaza nane, tano kushoto, tatu kulia. Wa kulia angekuwa amemaliza zake. Angekula kwa ree ya uru akabaki hana shupaza ya kumrudishia mwenzake. Ningepoteza mizunguko mitatu tu, nile 10.

Kuna hesabu ya mkato: toa saba kwa idadi ya karata za aina hiyo mlizonazo wawili. Sisi tulikuwa na tano, inabaki mbili, yaani wala mara mbili uachie. Kama ree ya uru ingekuwa kushoto, kusubiri kusingeniokoa. Lakini ilikuwa kulia, na mzee aliliona hilo kabla yangu akiwa amekaa kimya, maana mwenye karata zilizolazwa haruhusiwi kusema.

Jumanne tunacheza tena, na ameniambia nije mapema.